Kurekodi mahojiano ya podikasti na mgeni aliye mbali, mtandao ukiyumba au usiyumbe

Mzee alikuwa Muscat, mimi nilikuwa Magomeni, Dar es Salaam. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akapanda jahazi angali kijana, na siku ile alikuwa ananisimulia usiku mmoja karibu na Ras Hafun, pwani ya Somalia, kaskazi imechachamaa na tanga limechanika. Alipofika pale nahodha alipoinuka kutoa amri, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, ikakatikakatika, kisha ikapotea kabisa. Iliporudi mzee alikuwa anamalizia: "Basi ndivyo tulivyosalimika." Nilimwomba arudie, naye kwa hisani yake akarudia. Lakini mtu aliyevuka miaka 80 hasimulii jambo lile mara mbili kwa pumzi ileile. Ile ya kwanza, iliyokuwa na mtetemo wa sauti na kicheko kidogo katikati, sikuipata tena.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyofanya kazi hii, na mwongozo huu umetoka humo. Nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye simu mbili, bando la wastani, na mgeni ambaye huenda hajawahi kusikia neno podikasti.

Jambo la kuelewa kabla ya kununua chochote

Unapompigia mtu simu ya intaneti, programu ya simu haikuletei sauti yake kama ilivyotoka mdomoni. Inaibana iwe nyepesi, na mtandao ukisinyaa inaibana zaidi. Kipande kikipotea njiani, inabahatisha kilichokuwemo ili sikio lisishtuke. Mkizungumza wawili kwa pamoja, mara nyingi inamnyamazisha mmoja. Kwa mazungumzo ya kawaida hayo yote yanavumilika, kwa sababu shabaha ni kuelewana. Kwa kipindi ambacho mtu atakisikiliza ndani ya daladala akiwa na hedifoni masikioni, hayavumiliki.

Kwa hiyo mtandao uachie kazi moja tu: kuwakutanisha wewe na mgeni msikilizane. Rekodi yenyewe ifanyike pale mdomo ulipo. Wewe unajirekodi kwako, mgeni anarekodiwa kwake, kisha faili mbili zinakutanishwa baadaye. Mtandao ukikatika katikati ya sentensi, wewe ndiye utakayekosa kusikia; rekodi ya mgeni itaendelea bila kujua kama kuna lililotokea.

Hatua ya kwanza: chagua njia kwa kumtazama mgeni

Kama mgeni ana laptopu, intaneti ya kuaminika na mazoea ya mikutano ya mtandaoni, tumia huduma za kivinjari kama Riverside au Zencastr. Unamtumia kiungo, anakifungua kwenye Chrome, na sauti na picha yake zinarekodiwa ndani ya kompyuta yake huku zikipakiwa taratibu. Hapa kuna sharti moja ambalo usichoke kulirudia: mkishaagana, mgeni asifunge ukurasa mpaka upakiaji ufike asilimia 100. Wageni wengi husema asante, hufunga laptopu na kwenda zao, na dakika za mwisho hubaki zimening'inia. Mwambie mwanzoni, na mkimaliza kaa naye kwenye laini mpaka ahakikishe.

Zoom ina kipengele cha kuhifadhi faili ya sauti ya kila mshiriki peke yake, na wengi wanaamini hiyo ndiyo rekodi ya kila mtu kwake. Siyo. Faili zinakuja zimetenganishwa, ndiyo, lakini sauti ya mgeni imeshapita mtandaoni kabla ya kuhifadhiwa kwenye kompyuta yako, na kila mkwaruzo wa njiani umo. Tena kwenye akaunti ya bure mkutano unakatwa baada ya dakika 40, pengine wakati mgeni ndiyo kwanza ameanza kukunjuka. Zoom nzuri kwa kuzungumzia. Kwa kurekodia iwe akiba.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitumia zaidi, hasa kwa wazee na watu walioko vijijini: simu mbili kwa upande wa mgeni. Moja ya kuzungumzia, nyingine ya kurekodia. Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu haielezwi sana, na ndiyo inayowafaa wengi wetu.

Hatua ya pili: simu mbili, mbona isiwe moja?

Kwa sababu simu janja nyingi haziruhusu programu mbili zitumie maiki kwa wakati mmoja. Ukianzisha kinasa sauti halafu ukapokea simu ya WhatsApp kwenye simu hiyohiyo, kinasa ama kitasimama, ama kitaendelea kuhesabu dakika huku kinarekodi ukimya. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana unaiona namba inatembea ukadhani mambo ni salama.

Basi panga hivi. Simu ya kwanza ndiyo ya mazungumzo. Mgeni avae hedifoni za waya, ili sauti yako isitoke kwenye spika na kuingia kwenye rekodi yake. Hedifoni za Bluetooth ziache. Nyingi zake, mara maiki yake inapowashwa, hushusha ubora wa sauti hadi sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde au hata 8,000, wakati rekodi nzuri huchukua 48,000. Ndiyo maana mtu mwenye hedifoni za gharama bado husikika kama yuko kwenye simu ya mezani. Na chaji yake huisha bila taarifa.

Simu ya pili ndiyo ya kurekodia. Iweke hali ya ndegeni, siyo kuizima sauti tu, kwa sababu simu ikiingia itakatiza rekodi. Fungua kinasa sauti, ingia kwenye mipangilio, chagua WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, au ubora wa juu kabisa unaopatikana. Hakikisha kuna nafasi: sauti ya WAV ya mkondo mmoja (mono), kilohezi 48 (zile sampuli 48,000) na biti 24, inakula karibu MB 520 kwa saa.

Sasa umbali. Kama ungenikataza yote na kuniachia jambo moja tu la kumwambia mgeni, ningemwambia umbali. Maiki ikae shibiri moja kutoka mdomoni. Ikisogea shibiri mbili, sauti ya mgeni inashuka kwa takriban desibeli 6 ilhali feni na magari yanabaki palepale. Ikisogea hatua moja, unarekodi chumba na mgeni yumo ndani yake. Panga vitabu juu ya meza, tandika taulo iliyokunjwa ili mitikisiko ya meza isipande, kisha laza simu juu yake, ncha ya chini yenye maiki ikimwelekea mgeni. Isimkabili mdomo moja kwa moja. Isogeze upande kidogo, maana herufi kama p na b hutoa kijipumzi kinachopiga maiki na kusikika kama mtu anagonga mlango.

Maiki ndogo ya kubana nguoni inarahisisha haya yote. Boya BY-M1 inapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya simu, ina waya wa mita 6, na kwa simu inatosha kabisa. Ina kijisanduku chenye swichi: upande mmoja ni wa simu, mwingine wa kamera. Ukiiacha upande usio wake, rekodi itatoka hafifu sana au haitatoka. Angalia pia pini yake kabla hujaichomeka. Yenye mistari mitatu ni ya simu. Yenye mistari miwili ni ya kamera na haitasomwa na simu bila kiunganishi. Simu zisizo na tundu la hedifoni zinahitaji kiunganishi cha USB-C, na hapo usiamini kila kiunganishi cha bei ya chini: kijaribu ukiwa bado dukani, rekodi, kisha gonga maiki kwa kucha. Kama mlio wa kugonga haukusikika kwa nguvu, bado inayorekodi ni maiki ya simu.

Halafu nguo. Yule mzee wangu wa Muscat huvaa kanzu ya Kiomani, ile yenye kishada kinachoning'inia shingoni. Mjukuu wake alimbana maiki vizuri kabisa, katikati ya kifua, na kwa dakika sita za mwanzo kishada kikawa kinaipapasa maiki kila mzee alipotikisa kichwa. Sauti yake ni kama panya kwenye mfuko wa plastiki. Tuliisogeza vidole vinne kuelekea bega, kishada tukakitupia upande wa pili, kelele ikakoma. Kwa mama aliyevaa ushungi, usiiweke maiki chini ya kitambaa. Ibane juu yake, kitambaa kisiwe na pa kuisugulia. Bangili, tasbihi, funguo mfukoni: omba kwa heshima viwekwe kando mpaka mtakapomaliza.

Chaja ichomolewe wakati wa kurekodi. Chaja nyingi huingiza mvumo kwenye maiki ya waya, na mvumo huo huusikii mpaka ukae kuhariri. Simu zijazwe chaji tangu usiku.

Na wewe mwenyewe? Mwenyeji yuko kwenye kila kipindi, kwa hiyo kama utatumia fedha, anzia kwako. Ningechagua maiki ya dainamiki inayochomekwa kwa USB, kama Samson Q2U, kabla ya zile za kondensa zinazopendeza sana kwenye picha. Kondensa inasikia kila kitu, na katika nyumba zetu za mtaani "kila kitu" ni pamoja na bodaboda, jogoo na muuza kahawa. Dainamiki inahitaji uisogelee, lakini ukiisogelea haijishughulishi na ya mbali.

Hatua ya tatu: chumba

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia kofi linajibu, mwangwi upo, na hakuna programu itakayouondoa bila kuidhuru sauti. Sebule zenye vigae, kuta tupu na dari ya jipsamu ndizo mbaya zaidi, ingawa ndizo mgeni atakazotaka kukaa kwa sababu zinapendeza. Mwombe kwa adabu ahamie chumba cha kulala. Kitanda, godoro, kabati la nguo lililoachwa wazi na zulia hufanya kazi kubwa.

Watu hutundika kanga au vitenge ukutani wakidhani wamemaliza. Kitambaa chepesi kinameza sauti kali za juu tu. Ule mlio wa pipa unabaki. Kinachomeza mwangwi ni uzito na unene: godoro lililosimamishwa nyuma ya maiki, mablanketi mawili yaliyokunjwa, mito. Kanga itundikwe mbele ya godoro ili kamera ione kitu kizuri.

Feni izimwe. Friji, kama iko karibu, izimwe pia, na weka funguo za nyumba juu yake ili mtu asitoke bila kuiwasha tena. Muscat wakati wa kiangazi huwezi kumwambia mzee akae bila AC kwa saa nzima; ni kumtesa, na ni hatari. Sisi tulikipoza chumba mapema, milango imefungwa, tukazima, tukazungumza dakika 20 au 25, tukawasha, akanywa maji na kahawa, tukaendelea. Vipande vifupi namna hiyo vina faida nyingine nitakayoitaja kwenye picha.

Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha. Adhana ikiingia, nyamazeni mpaka iishe, na kama mgeni anataka kwenda kusali, mpe nafasi. Jua nyakati za swala za mji wake kabla ya kupanga saa, ili asije akawa anakujibu huku moyo uko msikitini.

Hatua ya nne: picha

Sauti kwanza. Msikilizaji atavumilia picha yenye chenga kama sauti iko wazi, lakini picha ya kioo yenye sauti ya pipa ataizima. Nikiwa na simu mbili tu na sina maiki ya kubana, naacha video ya mgeni na kubaki na sauti.

Maiki ya kubana ikiwepo, simu ya kurekodia inafanya kazi zote mbili: inasimama mita moja mbele ya mgeni ikichukua video, na maiki ya waya inaingiza sauti ya karibu. Simu ilazwe kwa upana, lenzi ikiwa usawa wa macho. Ikiwa chini, utaona matundu ya pua na dari. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya vidole ndiyo ukungu ambao watu hulaumu kamera. Kamera ya nyuma kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele, ila mgeni hatajiona. Mtu mwingine amsaidie kupanga, kichwa kibaki na nafasi ndogo juu yake.

Mwanga utoke dirishani ukimwangukia usoni au ubavuni kidogo. Akilipa dirisha mgongo atageuka kivuli. Kama mnatumia taa, rekodi kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde ikiwa simu inaruhusu: umeme wa Tanzania, Kenya na Oman ni wa hezi 50, na kwa fremu 30 baadhi ya taa huleta mistari inayotembea kwenye picha. Simu ya mazungumzo iwekwe karibu kabisa na lenzi, chini yake tu, ili macho ya mgeni yaelekee kwa mtazamaji.

Ubora wa video wa 1080p unatosha. Kwenye iPhone, ubora huo kwa fremu 30 hula takriban MB 60 kwa dakika kwa mfumo mpya wa kubana na MB 130 kwa ule wa zamani, yaani kati ya GB 3.6 na 7.8 kwa saa. 4K itakujazia simu na kuipasha moto. Na hapa ndipo vile vipande vya dakika 20 vinapolipa: simu inapoa, kadi isiyopokea faili zaidi ya GB 4 haikatizi kazi, na kipande kimoja kikiharibika vingine vipo.

Hatua ya tano: saa, ujumbe na majaribio

Saa zetu zina mtego. Ukimwambia mgeni aliyekaa Minneapolis miaka 20 "tuonane saa mbili", wewe unamaanisha saa mbili usiku na yeye anaweza kuhesabu mbili ya Kizungu. Andika zote mbili, kwa saa za kwake. Muscat imetutangulia saa moja. Minneapolis iko nyuma yetu saa 8 au 9 kulingana na majira, kwa sababu wao hubadili saa na sisi hatubadili. Lubumbashi, Bujumbura na Kigali ziko nyuma yetu saa moja.

Siku moja kabla, zungumza na yule atakayeshika vifaa. Mara nyingi si mgeni mwenyewe, ni mjukuu, mpwa au jirani, na rekodi yako imo mikononi mwake. Huu ndio ujumbe niliomtumia mjukuu wa yule mzee mara ya pili:

"Assalaam alaykum mdogo wangu, habari za huko? Kesho Jumamosi, panapo majaaliwa, tutazungumza na babu saa nne asubuhi kwa saa za Muscat, yaani 10:00. Kwetu itakuwa saa tatu. Naomba unisaidie mambo manne. Simu zote mbili zilale kwenye chaji. Ile ya kurekodia iwe na nafasi ya GB 8, na kabla hatujaanza iwe hali ya ndegeni. AC iwashwe mapema, tutaizima tukianza. Maiki ibane kwenye kanzu ya babu shibiri moja chini ya kidevu, mbali na kishada. Leo jioni nirekodie nusu dakika babu akizungumza chochote, unitumie kama hati (document), si kama sauti ya kawaida. Nisalimie nyumba nzima, babu mwambie shikamoo."

Ile nusu dakika usiiruke. Isikilize kwa hedifoni, peke yako, mahali patulivu. Sikiliza mkwaruzo wa nguo, mvumo, mwangwi, na ukubwa wa sauti. Kama programu inaonyesha kipimo, mgeni akizungumza kwa kawaida kilele kiwe karibu na desibeli -12, na akicheka kisivuke -6. Ikigusa sifuri sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki. Iliyo chini kidogo utaiinua.

Hatua ya sita: mahojiano yenyewe

Pigianeni simu kwanza, msalimiane kwa nafasi. Kisha anzisha rekodi kwako, mjukuu aanzishe kwake, na akuambie kwa mdomo: "Inarekodi, namba zinatembea." Wewe pia rekodi simu nzima kama akiba, kwa ubora wowote ule. Rekodi hiyo mbovu utaihitaji sana wakati wa kuunganisha.

Mwombe mgeni ataje jina lake na tarehe, na aseme kwa kinywa chake kwamba ameridhia kurekodiwa na kutangazwa. Ni uungwana, na pia ni sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Halafu kila mmoja apige kofi moja, na mkae kimya sekunde 30. Ukimya huo ni sauti ya chumba. Utautumia kuziba mapengo unapokata maneno.

Sisi Waswahili tunasikiliza kwa sauti. Mzee akisimulia, unaitikia: enhe, naam, ehee, Mungu wangu! Ana kwa ana huo ndio utamu wa mazungumzo. Mtandaoni, itikio lako linachelewa, linamkuta akiwa ameshaanza neno lingine, linamkata, naye ananyamaza akidhani unataka kusema. Mwambie tangu mwanzo: "Mzee, nikikaa kimya ujue nakusikiliza, endelea tu." Kisha tikisa kichwa kama anakuona. Akimaliza sentensi, hesabu moja, mbili, ndipo uulize. Ukimya huo ndio unaozaa mambo. Mara nyingi mgeni huujaza kwa lile alilokuwa analisitia.

Mtandao ukianza kuyumba, zima video ya simu ya mazungumzo mbaki na sauti. Rekodi hazihusiki. Simu ikikatika kabisa, mtu yeyote asiguse kinasa. Piga tena, kumbushaneni mlipofikia, endeleeni. Mara ya pili na mzee wangu, simu ilikatika mara tatu kwa saa moja. Kwenye kipindi hakuna aliyejua.

Hatua ya saba: kuleta faili nyumbani

Rekodi ikisimamishwa, mjukuu aifungue palepale, asikilize mwanzo, katikati na mwisho. Kisha asifute chochote mpaka umwambie.

Faili ya sauti ya MB 520 kwenye intaneti inayopakia Mbps 2 itachukua kama dakika 35. Video ya GB 3.6 kwa kasi hiyohiyo ni saa nne, kwa hiyo iachwe usiku. Sauti ije kwanza uanze kazi. WhatsApp inapokea hadi GB 2 kwa faili moja, lakini itumwe kwa njia ya hati. Ikitumwa kama video ya kawaida itabanwa na kazi yote imekwenda. Kwa kubwa zaidi, Google Drive ina GB 15 za bure. Na bando hilo ni gharama yako, si ya familia iliyokupa muda wake. Tuma vocha au fedha kabla ya kuomba faili.

Hatua ya nane: kuunganisha

Kwa sauti peke yake, Audacity ni ya bure na inatosha. Kwa video, DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu. Weka kwanza ile rekodi ya akiba ya simu. Chini yake weka sauti yako safi, uisogeze mpaka ilingane na sauti yako ndani ya akiba. Chini tena weka ya mgeni, uilinganishe na sauti yake humo humo. Makofi yatakupa pa kushikia. Zikilingana, nyamazisha akiba. Ukitegemea makofi peke yake bila akiba, ucheleweshaji wa mtandao utakupotosha.

Angalia na mwisho wa rekodi. Saa za ndani za vifaa viwili hazitembei sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni huwa sekunde 0.18 kwa saa, na hiyo inatosha kuleta majibu yanayopanda juu ya maswali. Kata kwenye ukimya kila baada ya dakika kumi hivi, sogeza, endelea. Video za simu nazo mara nyingi hazina idadi thabiti ya fremu, na midomo huanza kuachana na maneno. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, ukichagua fremu zisizobadilika.

Kusafisha kelele kuwe kwa mkono mwepesi. Chukua sampuli kwenye zile sekunde 30 za ukimya, punguza kidogo, sikiliza. Zile programu za akili mnemba zinazong'arisha sauti kwa kubonyeza mara moja zina msaada kwenye rekodi mbovu, lakini kwa mzee zinaweza kufuta ile mikwaruzo ya koo na pumzi zinazomfanya awe yeye. Nimeshaiona ikimrudisha mtu wa miaka 80 akiwa kama mtangazaji wa miaka 30, na nikairudisha ile ya asili.

Mwisho, sawazisha ukubwa wa sauti. Apple Podcasts inapendekeza karibu LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kilele kisizidi desibeli -1. Audacity ina kipengele cha kusawazisha ukubwa huo moja kwa moja.

Hifadhi rekodi ghafi mahali pawili tofauti, ukizipa majina yenye tarehe, mji na jina la mgeni. Nakala ya tatu, nzima, isiyokatwa, ipelekee familia. Ya mzee wa Muscat nilimtumia mjukuu saa moja na dakika 48, pamoja na vikohozi, adhana ya adhuhuri na ile sehemu anayoniuliza kama Magomeni bado kuna miembe. Akanijibu kwamba wameiweka kwenye flashi, na shangazi zake walioko Unguja wanaitaka pia.